Mkia wa Sahihi Yangu

Bahasha nilizifunga mwenyewe, arobaini, na juu ya kila moja nikatia sahihi yangu, mkia wake ukivuka gundi. Ndani mlikuwa na kadi moja: ROBOTI au MKONO. Wagonjwa wetu wote wa saratani ya umio walipasuliwa kwa vitundu vidogo. Tulichotaka kujua ni kama roboti itamshinda daktari anayeshika vyuma kwa mikono yake. Kadi ndiyo iliyoamua, si mtu.

"Tukianza kuchagua, tumekwisha," alinifundisha mjomba, daktari mkuu wa utafiti. Nikamwamini mzima mzima.

Baba alipougua saratani hiyo hiyo, mimi ndiye niliyemshawishi aingie kwenye utafiti. Mapafu yake yalikuwa mabovu. Seremala, miaka thelathini akivuta vumbi la mbao. Bahasha ya kumi na saba ikatoa MKONO. Mjomba akampasua. Siku baba aliporuhusiwa kunywa maji alinitania, "Shemeji kanishona kama kochi."

Siku hiyo hiyo nilikuwa napanga bahasha zilizotumika, ambazo hufunguliwa kwa kukatwa upande, gundi isiguswe. Ya kumi na saba, mkia wa sahihi haukukutana. Ulikatika kwenye gundi, ukaanza tena pembeni kidogo, kama bahasha iliyobanduliwa na kugundishwa upya. Ya kumi na nane vivyo hivyo. Mwenye hiyo alikuwa mwogeleaji, kifua kipana kama mlango, na alipata ROBOTI.

Nilizibeba mpaka ofisini kwa mjomba kama mtu aliyeshika makaa.

"Ulibadilisha kadi."

Akavua miwani. "Mpwa wangu, kwa mapafu yale baba yako angeniharibia takwimu za roboti. Na mkono wangu unaujua. Si anapona?"

"Kwa hiyo kadi yake ilikuwa ya roboti."

"Anapona, nakwambia!"

"Sikukuuliza hilo. Alikubali kura, wewe ukampima kama ubao wenye fundo. Na mimi ndiye niliyemwapia kwamba hakuna anayechagua!"

"Utanifukuzisha kazi, mwana wa dada yangu."

Pole hakusema. Angeisema, pengine ningelegea.

Nilikwenda wodini kwanza, nikamweleza baba. Akagusa plasta ya ubavuni.

"Kumbe shemeji aliniona wa kufa," akasema, "na kila asubuhi anakaa hapa kitandani, tunacheka." Akageukia ukuta. "Andika."

Nikaandika katika daftari la utafiti: bahasha ya kumi na saba na ya kumi na nane zilifunguliwa kabla ya wakati, kadi zikabadilishwa. Nikatia sahihi. Mkia niliuvuta mpaka ukingo wa karatasi.