Kumngoja Élysée

Mizimu ya watu wengine hudai ubani na kuku mweusi. Mzimu wa Mwalimu Joséline ulidai herufi ya pili tu. Ulikuwa ukimjia mchana kweupe, katika mtaa wa Jeppestown, kwenye shule ndogo iliyo ghorofani juu ya karakana ya mageti. Akigeukia ubao, sauti ya kaka yake Élysée huanza nyuma yake, "I... i... i...", ikakwama hapo hapo. Joséline husimama na chaki mkononi akiingoja imalizie. Wanafunzi walidhani Mem, kama walivyomwita mwalimu wao, ana presha, naye hakuwakosoa, maana presha angalau ina dawa.

Muhula huu alikuwa na jambo jingine la kumkosesha raha. Héritière, msichana aliyeletwa kutoka Bukavu baada ya kufiwa na mama yake, alikuwa hajatamka neno darasani. Aliandika vizuri na alielewa kila kitu, ila mdomo aliufunga kama duka siku ya vurugu. Denise, mama yake mdogo aliyekuwa msusi, alikuja shuleni mikono inanukia mafuta ya nywele, akasema bila kuzunguka.

"Mwalimu, mi nimechoka. Kama mutoto hasemi mupaka mwisho wa muhula, nitamutoa ku masomo, akuye kunisaidia kusuka. Nywele haziulize mutu kitu."

"Tumngoje kidogo, Mama Denise."

"Tungoje nini sasa?"

Kungoja ndiyo kazi aliyoijua Joséline kuliko zote.

Kesho yake somo la historia likafika kwenye penseli. Serikali ya makaburu ilipotaka kujua mtu ni wa kundi gani la rangi, aliwaeleza, alichomekwa penseli kwenye nywele. Ikidondoka, anaandikwa huku. Ikishika, anaandikwa kule. Na ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa na penseli. Watoto ni watoto, wakazichomeka zao papo hapo. Zilishika karibu zote. Walicheka, na Joséline akawaacha, kwa kuwa kicheko nacho ni mlango wa kuingilia.

"Mem, kuna mtihani mwingine," alisema Mthunzi, kijana mwenye akili nyingi na kiherehere kingi zaidi. "Mjomba wangu alinisimulia."

Akachomoa penseli nyweleni, akamgeukia Héritière aliyekaa jirani yake, akamgusa nayo kwenye kiwiko. "Yini le?" akamuuliza kwa Kizulu. Hiki ni nini?

Darasa lilicheka tena. Héritière akafungua mdomo. Joséline aliona wazi kwamba mtoto analijua neno, kwani midomo ilikuwa imeshaliumba. Lilikataa tu kutoka. Macho yakajaa maji. Msichana akaanza kutia madaftari kwenye begi, akalivaa mgongoni, na Joséline akajua kwamba akizishuka ngazi zile leo hatazipanda tena.

Kitabu cha historia walichopewa kiliishia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, watu wako kwenye foleni wanatabasamu. Joséline alikifunga. Alishikwa na hasira, na wala hakujua hasira ile ni ya kumkasirikia nani.

"Mjomba wako alikwambia aliyeshindwa alifanywa nini?"

"Hapana, Mem. Alisema ndivyo walivyowajua wageni."

"Kaa, Mthunzi. Héritière, mwanangu, nisikilize kwanza. Halafu ukitaka kwenda, nenda."

Héritière, aliyekwisha kufika mlangoni, alibaki amesimama pale.

"Mwaka elfu mbili na nane tulikuwa tunakaa mtaa wa Alexandra, jiji hili hili," alisema Joséline. "Watu waliokuwa wakiwasaka wageni kama sisi walikuja mlangoni kwetu na marungu. Kaka yangu Élysée alikuwa mbele, mimi nyuma yake. Alikuwa fundi cherehani, akiwashonea watoto wa mtaa ule ule sare za shule. Wakamgusa kiwiko, wakauliza hivyo ulivyouliza wewe. Watu husema waliokufa hawakulijua neno. Élysée alilijua. Kizulu alikijua kunishinda. Lakini alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na mama yetu alitukataza kabisa kumdakia. Mngojeni, alikuwa akisema, neno ni lake. Nyumba nzima tulizoea kungoja, hata chakula kipoe. Basi nami nikamngoja, kama nilivyolelewa. Wao hawakungoja."

Mthunzi aliishusha penseli juu ya meza taratibu. "Alisema nini, Mem?"

Joséline hakuwahi kuitoa sauti ile kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa akaitoa. "I..." alisema. "I... i..." Ikamkwama kwelikweli, kama ilivyomkwama kaka yake. Machozi yakamtoka mbele ya watoto wa watu, akawa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hakuna aliyecheka.

"Indololwane."

Lilitokea mlangoni, polepole, na lafudhi yote ya Bukavu ndani yake. Héritière alimeza mate. "Alitaka kusema ile, Mwalimu. Indololwane."

Mthunzi akasogeza kiti chake kumpisha. Alisema pole, kwa sauti ndogo isiyo yake, na Héritière akalivua begi, akaketi.

Denise alipopigiwa simu aliuliza mtoto kasema kitu gani. Kiwiko, aliambiwa. Akacheka hadi akalia, akaapa hatagusa tena habari za kumtoa shuleni. Joséline alifurahi, alifurahi kwa moyo wote.

Mchana ule uliobaki aligeukia ubao mara kadhaa, na sauti haikuja. Jioni, chumbani kwake, alizima redio na kukaa kitandani amsikilize Élysée. Alitaka kumwambia kwamba neno lake limefika. Akangoja. Akajaribu hata kumwanzishia mwenyewe ile herufi ya kwanza, kwa kunong'ona, na hakuna aliyeipokea. Chumba kilikuwa na kimya cha kawaida, kimya cha chumba cha mtu mmoja. Ndipo Joséline akamlilia kaka yake, kwa mara ya kwanza, kama watu wanavyomlilia mtu aliyekufa.