Kumwita Kitoga

Ezéchiel alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa kutabasamu, ule unaochosha zaidi. Kiwanda cha magodoro kule Pinetown, ugenini walikokimbilia, kilipofungwa mwaka 2012, wenzake walitafuta vibarua vingine. Yeye alirudi Berea, kwenye chumba chao cha kupanga, na habari za jangwani. Huko kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, mbali kweli kwa basi, yalikuwepo mashimo ya dhahabu na fedha yaliyoachwa miaka mingi.

"Bale bazungu balichimba na masini, Agathe," alimwambia mkewe. "Masini haina macho. Miye niko na macho."

Macho alikuwa nayo, hilo hakuna wa kumnyima. Alikulia kwenye mashimo ya dhahabu ya Kamituga, kwao. Ila udongo wa Kamituga ni mnyevu na una adabu zake: kabla ya kuporomoka hudondosha chembechembe, mchimbaji akazisikia begani na kukimbia. Mwamba wa jangwani ni mkavu, haupigi hodi. Ezéchiel aliingia akitegemea onyo ambalo mwamba ule haukuwa nalo.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu mwamba uporomoke na kumfunika. Waokoaji walikuja, wakasema mawe bado yanaanguka, hawawezi kushuka. Honoré, rafiki yake aliyekuwa amebaki juu na kamba, alibaki palepale akigonga mwamba kwa nyundo. Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi hiyo Honoré alipiga simu. Agathe alikuwa saluni, kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa na nusu bado.

"Mama Elysée, uko unanisikia?"

"Niko nasikia, shemeji."

"Bon. Benye kampuni ya hii shimo bameleta masini. Banafunga shimo na beto ya simenti, leo hii. Nimebaomba dakika kidogo tu. Umuite."

Kwa wachimbaji wa kwao, aliye hai chini ya ardhi hugongewa, aliyekufa huitwa. Mkewe humwita kwenye mdomo wa shimo kwa jina lake la utotoni, akamwambia njia ya nyumbani. Asipoitwa, atabaki gizani akichimba. Wote walikuwa watu wa kanisa, lakini hili hawakulifanyia mzaha. Ndiyo maana kila Honoré alipoligusia, Agathe alikata simu. Kumwita ni kukubali. Jumapili iliyopita tu alikuwa amempigia pasi shati la kuvaa akirudi.

"Mugonge tena," alisema.

"Tumegonga, mama. Eish, tumegonga mpaka nyundo ikavunjika. Ukikataa, banafunga na yeye hajaitwa."

Agathe alikiachia kitana. Laetitia, mwenye saluni, akazima redio. Honoré akaongeza sauti ya simu yake, akaishika juu ya shimo, na Agathe akausikia upepo wa mahali asipopajua.

"Kitoga!" Sauti ilimtoka ndogo. Akavuta pumzi. "Kitoga! Toka, twende..."

Akakwama. Twende wapi? Nyumba ya Kamituga iliungua mwaka waliokimbia, na mama mkwe walimzika njiani. Chumba cha Berea mwenye nyumba angeweza kukitaka wakati wowote. Miaka yote hiyo waliishi kama abiria wanaongoja gari, hawakuwahi kuketi wakakubaliana nyumbani ni wapi. Na sasa mumewe alikuwa anangoja kuambiwa. Uchungu ulimpanda, na hasira ikaufuata nyuma.

"Mubishi weye! Nilikukataza, Kitoga, nilikukataza hapa hapa!" Akalia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wateja. Kisha akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta ya nywele. "Usiende Kamituga, unasikia? Kule hakuna mutu. Tuko miye na Elysée. Ufuate siye. Siku tukihama, uhame na siye."

Mashine ikaanza kunguruma. Honoré alisema neno, halikusikika, halafu simu ikakatika.

Agathe aliketi sakafuni, katikati ya nywele zilizofagiliwa nusu, akaegemea ukuta. Yule mteja akashuka kwenye kiti na kichwa chake vile vile, akaketi karibu. Wengine wakafuata, hakuna aliyewaambia. Laetitia alikuja wa mwisho, akataka kukaa upande wa kulia wa Agathe, palipokuwa wazi.

Agathe akaweka kiganja sakafuni.

"Hapana, dada," alisema. "Hapa iko mutu."