Mlango wa Bafu

Mama mkwe alikuwa bado na povu kichwani mlango wa bafu ulipong'oka. Alivuta taulo akajisitiri, akamkuta mume wa bintiye, mzimamoto mzima, anahema na kumsihi atoke nje upesi. Moto haukuwapo. Bati la mlango lilikuwa limepigwa na jua la mchana tu, naye alikuwa ameligusa kwa mgongo wa mkono, kama wazimamoto wafanyavyo kazini kabla ya kufungua chumba, akalikuta la moto.

Tangu moto wa ghorofani, ambako mwenzake alifungua mlango bila kuugusa kwanza na hakutoka tena, yeye hakupita mlango bila kuugusa. Hata wa friji.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe hakucheka. Alimwambia tena aende kwa mshauri nasaha wa pale kituoni, naye akarudia jibu lake la siku zote: ukionekana kwa mshauri, unatolewa kwenye gari la moto, unapelekwa stoo kukunja mipira ya maji, na posho ya hatari inakufa. Mshahara bila posho huishia mkononi mwa mwenye nyumba. Yeye na wenzake walishalalamika kuhusu hilo. Mkubwa wao aliwaambia wavute subira, nao wameivuta miaka mpaka imebaki uzi.

Jioni alikuwa amechuchumaa akigongelea bawaba, mama mkwe akaja akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Mzimamoto akainamisha uso kwa aibu.

"Mlango umepata fundi," mama akasema. "Wewe, mwanangu, fundi wako nani?"

Akataka kumweleza habari za posho. Mama akamkatiza, taratibu tu.

"Kula kidogo tumezoea. Ujane, binti yangu hajauzoea."

Nyundo ikamponyoka. Akalia pale pale, mbele ya mkwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona haya.

Asubuhi hakwenda kwenye gari. Alipanda ngazi za kituo akiwa amechoka kama aliyebeba mtu mgongoni. Chini wenzake walikuwa wanaosha gari; mmoja alimwona, akainamia tairi haraka akalisugua palipokwisha kutakata.

Mlango wa mshauri ulikuwa wa mbao, umefungwa. Akauwekea mgongo wa mkono. Ulikuwa baridi. Hakuutoa mkono, mpaka aliposikia kiti kikisogezwa ndani.