Ng'ambo ya Mfereji

Zipora alijua ana ugonjwa siku alipokiepua chungu cha makande kwa mikono mitupu, akakitua chini polepole bila haraka yoyote, na wifi yake Eliwaza ndiye aliyepiga yowe. Viganja vilikuwa vimebabuka. Mwenyewe hakusikia hata joto.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na nane, huko Mamba, milimani Upare. Eliaichi, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miezi mitano. Nathanaeli, mumewe, alimpeleka zahanati, na mganga akamwambia afumbe macho.

"Useme kila nikikugusa," alisema mganga.

Zipora akafumba macho, akangoja. Akangoja mpaka akachoka kungoja. Alipofumbua aliukuta unyoya wa kuku umelala juu ya mkono wake.

Ulikuwa ukoma. Siku hizo mwenye ukoma hakuachwa nyumbani; alipelekwa kambini, kule tambarare kupita Ndungu, na mtoto mzima wa afya hakuruhusiwa kuingia. Eliwaza, dada yake Nathanaeli, alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa ya miaka tisa isiyokuwa na mtoto. Yeye ndiye aliyenyoosha mikono.

"Nipe, wifi. Nitamlea mpaka urudi."

Zipora alimpa. Wiki tatu nzima kule kambini maziwa yalimjaa kifuani yakimchoma kama moto, akawa anayakamulia shimoni nyuma ya kibanda na kuyafukia kwa mguu. Ugonjwa ulioifisha mikono yake haukumfanyia hisani ya kufika hapo.

Kambi ilitengwa na mfereji wa maji ya mashamba. Haukuwa mpana, mbuzi angeuruka. Wageni walisimama upande wa pili, wagonjwa upande huu, na siku za kutembelewa dresa wa kambi, mfunga vidonda Bwana Yahaya, alikaa hapo kwenye kigoda kuhakikisha hakuna anayevuka.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Sabato ikiwa imekwisha jana yake, Eliwaza aliondoka Mamba alfajiri na mtoto mgongoni, akateremka mlima mpaka magoti yakamtetemeka. Akifika alifungua kanga, akamweka Eliaichi nyasini akielekea upande wa mama yake. Zipora alichuchumaa ukingoni, akamtazama kwa saa moja vile mtu anavyokunywa maji akijua safari iliyobaki ni ndefu.

Mwezi wa kwanza mtoto alikuwa wa kuegemezwa. Mwezi uliofuata alikaa mwenyewe, akang'oa nyasi, akazitia mdomoni, na meno mawili ya chini yakaonekana. Miezi ikasonga, akatambaa. Kisha masika ikaja, njia ikaporomoka, na miezi miwili ikapita bila mgeni hata mmoja. Mvua zilipokatika Eliwaza alifika, akamtua mtoto chini, na mtoto akaondoka zake akitembea.

Zipora alijishika mdomo. "Ameanza lini?"

"Ana wiki nne sasa. Nilikuwa napepeta mahindi, kugeuka nikamkuta amesimama, huyo anakwenda."

"Alikuwa wapi? Upande wa mlangoni au wa zizini?"

"Sikumbuki, wifi."

"Hebu kumbuka."

Eliwaza alimtazama mwenzake kule ng'ambo, akaona uso wake. "Mlangoni," alisema. "Alikuwa anamfukuza kuku."

Zipora alihisi kwamba kuku yule huenda amezaliwa papo hapo, mdomoni mwa wifi yake. Alimchukua hivyo hivyo. Mwezi mzima alimfuga kichwani, akampa rangi nyekundu na shingo isiyo na manyoya, akamkimbiza uani mara mia na mtoto nyuma yake. Tangu siku ile Eliwaza hakuja tena mikono mitupu: alijifunza kutazama kwa niaba ya mwingine. Alileta habari ya neno jipya, ya homa iliyokuja na kuondoka, ya namna mtoto anavyolala kitako juu kama chura.

Mwaka wa tatu Eliaichi alijificha nyuma ya kanga, akachungulia. "Mama, yule ni nani?"

"Yule ndiye mama," alijibu Eliwaza.

Mtoto akacheka sana, kama aliyetaniwa. "Mama si wewe?"

Zipora hakujua alivyoinuka. Alijikuta mguu mmoja umo ndani ya mfereji, maji yamefika kwenye shavu la mguu.

"Mama Eliaichi," Bwana Yahaya aliita kwa sauti ya chini, bila kutoka kwenye kigoda. "Rudi, dada yangu. Usinilazimishe kuandika jina lako."

"Nimegusa maji tu, Bwana Yahaya."

"Najua. Rudi."

Akarudi. Jioni ile hakula.

Mwaka uliofuata dawa mpya zilifika, vidonge vyeupe badala ya zile sindano za mafuta zilizowatia watu majipu. Zipora alivimeza bila kukosa siku. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshajikunja, navyo havikunyooka tena, lakini mabaka yalififia, na mwisho wa mwaka wa hamsini na tatu akapewa cheti kwamba ugonjwa hauambukizi.

Nathanaeli alikuja kumchukua. Hakuwa mtu wa maneno. Walipanda mlima, na kwenye kona ya mwisho ndipo aliposema, "Nimeezeka nyumba upya." Kisha akageuka pembeni akapenga kamasi.

Uani Zipora aliukuta mzigo umefungwa kwa kanga. Eliwaza alisimama kando yake, amevaa gauni lake la kanisani, Eliaichi amemng'ang'ania kiunoni.

"Nimekutunzia," Eliwaza alisema. "Mpokee. Mimi nakwenda Gonja kwa mjomba."

Miaka mitano Zipora alikuwa ameota saa hii: atamnyanyua, atamnusa shingoni. Sasa mtoto alikuwa hatua tatu tu mbele yake, hakuna maji katikati wala dresa, na mikono ya kumtoa ndani yake ilikuwa mikono ya mwanamke asiyekuwa na mwingine. Alimwona Eliwaza anavyokibana kifua chake kwa mkono, vile vile alivyofanya yeye wiki zile za kwanza kambini.

"Fungua huo mzigo, wifi," alisema.

"Zipora—"

"Ufungue. Nani ataniambia anapenda nini?"

Eliwaza akaketi juu ya mzigo, akalia kwa sauti.

Mtoto hakumkaribia. Watu walikuwa wamemfundisha kuwaogopa wa kambini, na vile vidole vilimtisha. Usiku alilala kwa Eliwaza. Zipora hakumvuta. Aliketi kizingitini akichambua maharage, akamtazama anavyojikuna kisigino kwa mguu wa pili, anavyomgombeza mbuzi kwa Chasu, lugha ya Upare, kama bibi kizee. Alimwona leo na kesho na keshokutwa, bila mwezi kuruka. Hamu haikumtoka, ilisogea tu ikakaa jirani, na usiku alisikia mtoto akikohoa upande wa pili wa ukuta, akabana pumzi mpaka Eliwaza alipomnyamazisha.

Mwezi wa pili, mtoto alikuja akasimama mbele ya ungo.

"Wanasema wewe ndiye uliyenizaa. Kweli?"

"Kweli."

Eliaichi alifikiri. "Mama nimeshampata. Sasa wewe nitakuitaje?"

"Uonavyo wewe."

"Jina lako nani?"

"Zipora."

"Basi nitakuita Zipora."

"We mtoto!" Eliwaza alifoka toka jikoni. "Mkubwa haitwi kwa jina! Omba radhi!"

"Mwache," alisema Zipora. Alikuwa anacheka, na machozi yakidondokea maharage. "Mwache, wifi, aniite."

Mtoto alikwisha kukimbia. Muda si muda sauti yake ikatoka migombani, kali, ya mtu mwenye shida ya kweli.

"Zipora! Zipora, njoo uone!"

"Abee," aliitika Zipora, akaweka ungo chini, akaenda.