Shimo Lenye Kizuizi

Wakifika kwenye shimo la barabarani, abiria wote hushuka. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, na hakuna anayeivunja. Mwenye toleka, yaani baiskeli ya abiria, hufunga breki. Abiria huteremka kutoka kwenye mto wa sponji, hukusanya nguo zake na kupita ukingoni kwa miguu. Ng'ambo hupanda tena. Adèle alishuka hapo kila asubuhi akitoka Kabondo kwenda kushona nguo sokoni, na kila asubuhi alimsikia mwanawe.

Noël hakusema mengi. "Mama, maji iko mingi." Basi. Ndivyo alivyomwambia kwenye simu jioni ile ya mvua, kabla ya kupanda pikipiki kutoka chuoni. Shimo lilikuwa limejaa, na shimo lililojaa maji hufanana na barabara. Pikipiki ilizama, kijana akarushwa mbele ya lori la mbao lililotoka Bafwasende. Lori halikusimama. Tangu hapo sauti ilimngoja mama yake pale pale, na mvua nyuma yake, hata siku za jua kali.

Wakati wa matanga vijana wa mtaa walifunga njia kwa matawi ya michikichi, kama ilivyo desturi. Mkubwa mmoja anayesimamia barabara akafika na gari lake, akapewa kiti, akala, akapangusa midomo. "Mama, hii shimo tutaifunga. Naapa mbele ya maiti." Adèle alimwamini, Mungu amsamehe.

Na kweli kitu kililetwa: mwanzi mrefu, kamba, na vijana wawili wenye fulana za njano. Kizuizi cha kutoza pesa za matengenezo ya barabara! Wakakisimika hapo hapo shimoni, kwa sababu hapo kila chombo hupunguza mwendo na hakuna anayeweza kuwakimbia. Kufa kufaana. Mmoja wa vijana hao alikuwa Papy, rafiki wa Noël, aliyebeba jeneza lake upande wa kichwani.

"Mama, ni kazi tu," alisema Papy siku ya kwanza, macho chini.

Adèle alivumilia mpaka msimu wa mvua ulipokaribia tena. Siku moja alilikuta gari la mkubwa limesimama kizuizini, akagonga kioo.

"Chef, uliapa."

"Ndio maana tunakusanya, mama. Bila pesa tutafunga na nini? Na mate?"

"Munakusanya tangu zamani."

"Mama, barabara iko na wenyewe. Weye shona manguo." Kioo kikapanda.

Basi ikafika Jumamosi ya salongo, siku ambayo kila mtaa hutoka kufagia na kuzibua mitaro. Adèle aliwapitia majirani nyumba kwa nyumba. Hawakufagia kitu siku hiyo. Wanaume walibeba matofali mabovu kutoka kwenye tanuri lililoporomoka, wakayavunja na kuyamwaga shimoni pamoja na udongo mwekundu. Wanawake wakaleta michi yao, ile ya kutwangia pondu, majani ya muhogo, wakaushindilia udongo kwa zamu huku wakiimba na kutaniana kwamba pondu hii leo itaiva kwa matairi. Mama Germaine alivunja mchi wake, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu Yusufu, mwenye toleka aliyemchukua Adèle kila siku, hakufunga breki.

"Leo usishuke, mama. Kamata tu mugongo yangu."

Walipita. Adèle alisikiliza, hakusikia neno. Aliona raha, kisha akaona haya kwa raha hiyo, akalia mgongoni mwa mwanamume wa watu mpaka sokoni. Nyuma yao pikipiki zilipita mbio zikiinama chini ya mwanzi, na madereva wakiwapungia mkono vijana wa fulana za njano.

Kesho yake kulikuwa na msongamano. Adèle aliruka chini kabla baiskeli haijasimama. Papy alikuwa katikati ya barabara na sururu, mwenzake akirusha matofali pembeni. Gari la mkubwa lilikuwa limeegeshwa kando, injini ikinguruma. Sururu ilishuka, na kwa kishindo kile Noël akarudi: Mama, maji iko mingi.

"Papy! Unafanya nini?"

"Chef njo alisema tuchimbe, mama."

Mkubwa alitoa kichwa dirishani. "Hii ni barabara ya Leta, ya serikali. Nani alikupa ruhusa ya kuigusa?"

"Mutoto yangu alikufia hapa!"

"Na miye nilikuja kulia naye, ao hapana? Lakini fikiri kidogo, mama. Kama motari na pikipiki zao banapita mbio, hakuna mwenye kulipa. Donc, pesa ya kufunga shimo itatoka wapi?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Honi zililia nyuma ya Adèle. Yusufu alikuwa ameshaanza kusukuma baiskeli ukingoni, na wanafunzi wenye sare walipanga mstari wakivua viatu, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza na maji yalikuwa tayari yanatafuta njia ya kuingia shimoni.

Papy aliweka sururu chini, akafuta kiganja kwenye fulana, akamnyooshea mkono.

"Polepole, mama. Hapa ni pabaya."

Mkono ulikuwa mwekundu kwa vumbi la matofali. Adèle aliushika, maana watu nyuma yake walikuwa wanangoja kupita.