Kipimo cha Hadado

Pipa lilijaa kwa sekunde thelathini na nane. Sugow aliitazama saa yake mara ya pili, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini saa mara moja, kisha akampungia mkono Arbia, mwanamke aliyeshika zamu za kunywesha, awaruhusu ngamia kumi wa kwanza wasogelee birika.

Gari la Keynan lilikuwa limesimama kando ya kisima cha Hadado, gurudumu moja la nyuma likiwa hewani juu ya jeki. Tairi lilikuwa limevuliwa. Juu ya ringi tupu ulipita mkanda mpana uliozungusha pampu. Injini ya kisima ilikuwa imekatika shafti. Nyingine ilisemekana kuwa njiani kutoka Wajir, na habari hiyo ilikuwa na umri wa siku mbili. Ngamia waliotembea siku tatu hawakuwa na elimu ya kusubiri, mbuzi wala hawakujifanya kuwa nayo. Keynan alikuwa akipita tu, akielekea Buna kulionyesha gari lake, na kwa bahati yake, njema au mbaya, alikuwa amempakia fundi aliyelitengeneza. Wazo la mkanda lilikuwa la Sugow.

Moshi mweusi ulitoka nyuma ya gari, mnene, ukapanda juu ya migunga.

"Hilo limekula likashiba," alisema Mahat, mmoja wa wafugaji.

"Garissa nzima hakuna la kulipita," Keynan alijibu kutoka kwenye usukani. "Hata fundi huyu hakuamini siku ya kwanza. Sivyo, Sugow?"

Sugow alijishughulisha na nati ambayo haikuwa na haja naye.

Yeye ndiye aliyeifunga turbo, feni ya kuisukumia hewa, katika injini ile. Alibadilisha pampu ya kuvuta dizeli, akaongeza chujio la pili, kisha akaikaza skrubu inayopima dizeli ya kila mchomo, mizunguko miwili kamili. Mmoja ungetosha. Lakini katika nchi ile moshi mweusi ulikuwa cheti cha fundi: gari lisilotoa moshi lilihesabiwa kuwa na njaa, na mwenyewe akahurumiwa. Sugow alijua kwamba moshi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Aliwahi kulieleza jambo hilo kwa wateja watatu, nao wakaenda kwa fundi mwingine. Baada ya hapo aliacha kueleza.

Nairobi aliwahi kuona mashine ya kupimia nguvu. Gari hupandishwa juu ya mapipa ya chuma, likakimbia bila kwenda popote, na mzigo ukaongezwa mpaka injini iseme ukweli wake. Garissa kipimo kilikuwa barabara iliyonyooka na mdomo wa mwenye gari. Barabara humbana mtu kwa dakika moja, kisha huja shimo, au mbuzi, naye akaondoa mguu. Injini ikapata kupumua, na fundi akapata sifa.

Kisima hakikuwa na shimo wala mbuzi wa kukatiza. Kilidai nguvu ileile, bila kupumzika, na kingedai mpaka alasiri.

Baada ya dakika ishirini Sugow aliomba blanketi. Alijifunika nalo, yeye na injini pamoja, ili jua lisimdanganye. Katika giza lile aliona chuma cha ekzosi kikiwa chekundu, wekundu wa kaa lililopulizwa, na wekundu ule ulikuwa umeanza kuingia shingoni mwa turbo. Pistoni hazingemaliza saa moja. Zikiyeyuka, ngamia mia mbili na mbuzi wasiohesabika wangebaki wakilitazama birika kavu.

Alitoka jasho likimtiririka.

"Ondoa mzigo," alimwambia Keynan. "Liache lingurume polepole, usilizime."

Mkanda ukalegea, maji yakakatika. Ngamia waliinua vichwa. Arbia alikuja na fimbo yake.

"Limechoka?"

"Gari langu halichoki, eeddo," alisema Keynan, akimwita shangazi kwa heshima. "Ni hii dizeli ya mapipa. Au siyo, fundi? Si uliniambia ina maji?"

Sentensi ilikuwa imeshatengenezwa. Sugow alitakiwa kuitikia tu. Dizeli ya mapipa ilibeba lawama za mafundi wote toka Garissa hadi Mandera, na haikuwahi kujitetea.

"Dizeli ni safi," alisema. "Kosa ni langu. Nimelilisha mafuta mengi kuliko hewa linayovuta. Kwa mbio fupi linafaa. Kwa kazi hii linajichoma lenyewe. Nililijua hilo tangu siku niliyolikabidhi."

Arbia aliutazama mdomo wa bomba la moshi.

"Kwa hiyo ule weusi wote ulikuwa wa kututazamisha?"

"Ndiyo, eeddo."

"Kama mzee anayepaka ndevu hina akaenda kuposa."

Wafugaji walicheka. Keynan hakucheka. Aliteremka, akasimama karibu kabisa na fundi wake.

"Nimekusifu kila hoteli."

"Najua."

"Punguza basi. Lakini ukilipunguza, wewe si fundi wangu."

Sugow aliilegeza nati, akairudisha skrubu mzunguko mmoja na robo, akakaza tena. Mkanda uliporudi kazini, bomba lilitoa mvuke wa kijivu usiozidi pumzi ya mgonjwa.

"Limekufa njaa," alinong'ona Mahat.

Pipa lilijaa kwa sekunde hamsini na moja. Chini ya blanketi chuma kilikuwa cheusi. Sugow alikitazama tena kila baada ya robo saa, akipima pipa, na pipa lilijaa kwa sekunde hamsini na moja adhuhuri, na hamsini na moja baada ya sala. Arbia aliita majina kwa zamu. Ngamia walikunywa, wakaondoka wakiwa na matumbo ya duara.

Kundi la mwisho la mbuzi lilipofika birikani, Keynan alimsogelea Sugow.

"Umeyatengeneza mangapi namna hii?"

"Tisa."

"Wenyewe wanajua?"

"Hapana."

"Yako wapi?"

"Mawili Mandera. Moja Dadaab, linavuta maji kambini. La mteja mmoja, Guleid, liko Buna. Mengine sijui. Nitaanza na la kambini."

Mbali, upande wa kaskazini, vumbi lilinyanyuka, na chini yake lori likaja bila haraka likielekea njia kuu. Sugow alijifuta mikono kwa mchanga, akaiweka spana mfukoni, akatembea hadi kando ya barabara. Alisimama pale na mkono juu, akingoja dereva amwone.