Namba Kubwa

Tangu mvua ibomoe ukingo wa shimo la zamani na maji yaanze kuporomokea kwenye duara la akina Sostenes, shimo lao la kuchimbia dhahabu, Paskazia hakubanduka kwenye redio. Alikaa juu ya kiroba cha mawe mdomoni mwa duara, mtoto Justa mgongoni, akirudia maneno yale yale.

"Sostenes, kata kulia. Kwa Herman kuko wazi. Kata kulia."

Redio ilimjibu kwa mvumo tu, kama mafuta yanayochemka jiko la jirani.

Pale Mwakitolyo maduara yametobolewa chini kwa chini mpaka yanaingiliana. Njia kuu aliyopita mumewe na wenzake wawili ilikuwa imezibwa na magogo yaliyoanguka. Ya pembeni, inayotokea kwa jirani yao Mzee Herman, ilikuwa bado kavu. Huku juu kila mtu alijua. Walio chini ndio hawakujua. Vijana wa Herman walishaingia kuwatafuta, lakini huko ndani njia zina matawi kama mizizi ya muhogo, wakapotezana. Sentensi moja ingetosha, kama ingefika.

"Mzee, zima jenereta kidogo, labda nitamsikia."

"Mama Justa," Herman akasema taratibu, "hiyo ndiyo inayovuta maji. Nikizima utasikia nini? Anavyozama?"

Redio ile ilikuwa wazo la Paskazia. Jioni, parokiani, mwalimu Edson aliwafundisha ufundi wa redio watu wazima waliokatisha shule, naye alikwenda na mtoto, akinyonyesha huku akisikiliza. Desibeli ndizo zilizomkaa moyoni. Ukitoa tatu, nguvu inabaki nusu. Ukitoa kumi, linabaki fungu moja kati ya kumi. Na sifuri si kwisha kwa nguvu. Sifuri ni miliwati moja, na kwa kuwa redio husikia hata minong'ono iliyo chini sana ya hapo, vipimo vyake huja na alama ya hasi. Hasi sabini ina nguvu kuliko hasi mia. Alimweleza Sostenes wakila michembe, naye akacheka.

"Basi ni kama sisi. Sifuri ni mdomo wa duara. Aliye karibu na sifuri ndiye anayeona jua."

Antena ya kutundikwa chini, yenye waya wa kufika kwenye redio ya juu, ilipofika, Paskazia alitaka kushuka mwenyewe apime pa kuitundika. Onesmo, mdogo wake Sostenes, akamzuia pale pale kwenye kamba. Mwanamke hashuki duarani.

"Shemeji, ukishuka wewe, dhahabu yote itahamia Geita. Nipe hicho kipimo."

"Haya. Kaka yako abonyeze redio kule mwisho, wewe upime mahali pawili, njia panda na kwenye kona ya mwamba. Halafu tundika penye namba kubwa."

"Penye namba kubwa. Basi? Hiyo hata ng'ombe anaiweza."

Siku ile ya kujaribu, jenereta ilikuwa imezimwa, haikuwa na mvumo wa kuifunika sauti. Sauti ya Sostenes ilifika imefifia, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Paskazia akadhani ni mwamba tu, akafurahi hivyo hivyo.

Sasa Onesmo alipanda kutoka chini, tope mpaka kiunoni.

"Magogo hayasogei," alisema.

"Shemeji, antena uliitundika wapi?"

"Kwenye kona. Ilisoma mia na nne. Njia panda ilikuwa sabini na nne tu, nikaachana napo."

"Mbele ya namba hukuona kistari?"

"Kilikuwepo. Si cha kuonyesha kwamba tunakwenda chini? Kwetu sisi chini ndiko kwenye mali."

Paskazia akahesabu. Tofauti ya thelathini. Kumi, na kumi tena, na kumi nyingine. Fungu moja kati ya elfu. Kila neno alilomwita nalo mumewe, na kila neno alilojibiwa, lilikuwa limekatwakatwa hivyo kabla ya kufika. Alisema kubwa. Wala hakukosea, hata mwalimu Edson angempa alama yake. Ila alimwambia mtu ambaye maisha yake yote namba hukua kadiri anavyoshuka.

"Rudi, shemeji. Ihamishie njia panda."

"Kwani itasaidia nini kwenye magogo?"

"Rudi. Nakuomba."

Onesmo alimtazama, akashika kamba, akazama gizani.

Mvumo uliendelea, kisha ukakatika ghafla, kama mtu kafungua dirisha. Sauti ikatoka safi, imechoka, karibu kabisa.

"Naomba mtu anijibu. Nimeuliza sana kama kwa Herman kuko wazi. Tangu maji yalipokuwa magotini nauliza. Sasa ile njia siioni tena, imefunikwa. Wenzangu wameacha kuitika. Mimi maji yako kifuani."

Herman alivua kofia. Mgongoni, Justa aliinua kichwa. "Baba," alisema.

Paskazia akabonyeza. "Nakusikia, Baba Justa. Nakusikia vizuri."

Maji yaligonga mwamba, kila pigo wazi.

"Mama Justa," Sostenes akasema. "Sasa hii ndiyo redio."

Paskazia alifungua kanga, akampakata mtoto, akamsogezea kipaza sauti mdomoni, baba yake amsikie wakati njia ya sauti ingali nzuri.